Boti ya mfereji Yorkshire: tazama hii kabla hujalipia

Habari zenu, karibuni tena. Leo sichambui simu wala jiko, nachambua likizo: kukodi boti nyembamba na kuiendesha wenyewe kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool, kaskazini mwa Uingereza. Mmeniuliza sana, hasa nyie mnaoishi huku na mnategemea wageni kutoka nyumbani: je, inafaa kwa familia? Inafaa, tena sana, ila ipange kwa saa, usiipange kwa kilomita. Wanaorudi wamechoka na wamenuniana ni wale waliotazama ramani, wakaona mji wa pili uko hapo tu, wakadhani ni safari ya asubuhi.

Mfereji wenyewe ulianza kuchimbwa 1770 ukakamilika 1816. Una urefu wa kilomita 204 hivi, unakatiza milima ya Pennines, na njiani kuna loki 91. Loki ni chumba cha maji chenye milango mizito mbele na nyuma: mnaingia, mnafunga, mnaruhusu maji yajae au yatoke, boti inapanda au inashuka. Kazi hiyo ni yenu, isipokuwa sehemu chache zenye walinzi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, na mkipita boti zilizoegeshwa mnapunguza zaidi, maana maji mnayoyasukuma yanaweza kung'oa vigingi vya wenzenu. Wazoefu wa mifereji wana hesabu yao: chukua maili, ongeza idadi ya loki, gawanya kwa tatu, hizo ndizo saa. Maili 10 zenye loki 14 ni saa nane. Na hapo hujaweka chai, mvua, wala mtoto anayetaka kusimama alishe bata.

Kwa hiyo kwa anayeanza, mimi nasema chukueni boti Skipton mwelekee mashariki, Bingley. Kutoka Gargrave hadi Bingley, Skipton ikiwa katikati, kuna maili 17 ambazo hazina loki hata moja. Mfereji unafuata ubavu wa bonde la mto Aire, kondoo huku, kuta za mawe kule, mnapita Kildwick na Silsden. Msidhani mtakaa tu, lakini. Kuna madaraja ya kuzunguka, mengi. Mmoja anashuka, anafungua kwa ufunguo, analisukuma daraja zima kwa mgongo mpaka linageuka. Mengine yana kitufe cha umeme, na magari yanasimama foleni kuwasubiri. Watoto wakubwa wanagombania kazi hiyo.

Bingley ndipo penye kitu cha kuonekana. Loki tano zimeshikana kama ngazi, mlango wa juu wa moja ndio mlango wa chini wa inayofuata, zinapandisha boti karibu mita 18. Zimekuwa zikifanya kazi tangu 1774. Hapo wapo walinzi, na hamruhusiwi kuzigusa bila wao, kwa sababu mkifungua maji kwa mpangilio usio sahihi, chumba kimoja kinafurika na kingine kinabaki kikavu. Ushauri wangu: msishuke. Egesheni juu, kaeni mtazame wengine wakipita, kisha pandeni treni kituo kimoja tu hadi Saltaire, mji ambao Titus Salt aliwajengea wafanyakazi wa kiwanda chake cha sufu kilichofunguliwa 1853. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia 2001. Mtatembea kutwa bila kuwazia loki, na boti itawasubiri.

Kuelekea magharibi ni habari nyingine. Nzuri zaidi, nakiri waziwazi, lakini inataka mikono. Gargrave loki sita, Bank Newton sita, Greenberfield tatu, ndipo mfike kilele cha mfereji. Kati ya Bank Newton na Greenberfield, karibu na East Marton, mfereji unajipinda kufuata vilima hadi mnara ule ule mnauona mbele, halafu kushoto, halafu nyuma. (Wanaoswali, fungeni boti kwanza ndipo mtafute kibla.) Mbele zaidi kuna handaki la Foulridge, karibu kilomita moja na nusu za giza, mnaingia kwa taa ya kijani tu. Ndani hamna njia ya farasi waliokuwa wakivuta boti, hivyo zamani mabaharia walilala chali wakasukuma boti kwa miguu ukutani. Mwaka 1912 ng'ombe alitumbukia mfereji huu akaogelea handaki lote, akatokea upande wa pili akiwa hai. Ukiendelea unafika Burnley, kwenye viwanda vya nguo vya Lancashire, eneo ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa likitafuta pamba mpaka Uganda. Upande huu uchukulieni wiki nzima na watu wazima wasiopungua watatu wenye nguvu.

Sasa boti yenyewe. Upana ni kama mita 2.1, basi. Mtu mrefu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Mkiona tangazo linasema vitanda "4+2", ile mbili ni meza ya kulia inayogeuzwa kitanda kila usiku na kurudishwa kila asubuhi. Mkiwa sita, tafuteni boti ya wanane. Mkiwa na bibi au babu, ulizeni ngazi za kuingilia zina kimo gani na hakikisheni kitanda chao si cha kugeuzwa. Choo nacho muulizie mapema: kuna cha tangi linalonyonywa kituoni, kuna cha kasha unalobeba mwenyewe kwenda kumwaga. Kwa familia, tangi. Nyuma chagueni boti yenye sitaha pana, wasimame watatu wanne pamoja na anayeshika kana, yaani mkono wa usukani. Ile ya nyuma finyu inamwacha nahodha peke yake kutwa. Jiko ni la gesi, friji ni ndogo. Mboga na matunda nunueni soko la Skipton, ila nyama ya halali ipatieni Keighley.

Leseni haihitajiki, mtafundishwa kabla ya kukabidhiwa. Jambo la kusikiliza kwa masikio yote ni kizingiti. Mnaposhuka ndani ya loki, chini ya maji nyuma yenu kuna ukingo wa mawe, na ukutani kuna mstari mweupe unaoonyesha unapoishia. Maji yanapungua taratibu, kuta zinabaki zinachuruzika, ukingo unaanza kujitokeza mweusi wenye ukoga. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikiwa juu yake, itakwama huko huko huku omo, yaani mbele, ikizidi kushuka, na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Kwa hiyo nahodha macho nyuma, na aliye juu asiachie mkono wa chuma wa kufungulia maji. Akisikia "funga!", afunge kwanza, sababu ataiuliza baadaye. Watoto wavae maboya muda wote. Boti ina uzito wa tani kadhaa, hivyo asiwepo wa kuizuia kwa mguu isigonge ukuta. Iacheni igonge.

Msimu: mwishoni mwa Julai na Agosti yote shule zimefungwa, bei zinapanda. Mimi napenda Mei na Septemba. Juni mwanga unakaa mpaka karibu saa nne usiku. Baridi kali ndio wakati wa matengenezo, loki nyingi hufungwa. Pia kiangazi cha 2025 ukame ulipunguza mabwawa yanayoulisha mfereji huu, na sehemu ndefu ikafungwa. Canal & River Trust ndio wasimamizi, na hutangaza kila kufungwa. Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni kwa maandishi: mfereji ukifungwa, tunarudishiwa pesa au tunahamishiwa kwingine? Dizeli imo kwenye bei? Amana ni kiasi gani, na bima inafidia nini? Kulala mara nne, Jumatatu hadi Ijumaa, kunatosha kwenda Bingley na kurudi. Mkishaona mmezoea kana na kamba, ndipo mlipie ile wiki ya Foulridge.