Dukati ya dhahabu ya Salzburg: je, inafaa kununua?

Karibuni sana watazamaji wangu. Leo nina sarafu moja tu mezani, na naileta karibu na kamera muione vizuri: dukati ya Hieronymus von Colloredo, Askofu Mkuu wa Salzburg, ambayo leo ni mji wa Austria, kuanzia 1772.

Huyu hakuwa mchungaji wa roho peke yake. Salzburg ilikuwa nchi yenye mamlaka yake ndani ya Dola Takatifu la Roma, na askofu ndiye aliyetoza kodi, akahukumu na kupiga sarafu zenye sura yake.

Tuipime. Gramu 3.49, kama dukati inavyotakiwa. Dhahabu yake ni karati 23 na theluthi mbili, ndiyo maana rangi imekolea hivi. Lakini ni nyembamba na laini, kwa hiyo ishikeni ukingoni, tafadhali.

Sasa tazameni maandishi yanayomzunguka: HIERONYMVS D G A & P, kisha S A S L N G PRIM. Kwa neema ya Mungu, askofu mkuu na mtawala wa Salzburg, balozi wa Papa kwa cheo chake, askofu wa kwanza kwa heshima katika Ujerumani. Madaraka yote hayo kwenye kipande cha milimita 21 hivi! Mchongaji ameyapanga na bado uso una nafasi ya kupumua. Kwangu hapa ndipo uzuri wa sarafu hii ulipo. Upande wa ngao na mwaka ni wa kawaida, tusikae sana.

Na huyu ndiye aliyemwajiri Mozart, mtunzi mashuhuri wa muziki. Mwaka 1779 alimpa kazi ya kupiga kinanda kwa gulden 450, fedha ya wakati huo, kwa mwaka, karibu dukati mia moja kama hii. Mwaka 1781 wakaachana kwa ugomvi.

Ukitaka kununua, chukua lenzi, kagua ukingo wa juu, pale juu ya kichwa. Dukati nyingi ziligeuzwa vidani. Kitanzi kikishatolewa, sonara husawazisha mahali pale na alama hubaki. Sarafu ya namna hiyo isiuzwe kwa bei ya nzima. Iliyong'arishwa mpaka nywele za askofu zimefutika, mimi siichukui kabisa.

Hii niliyonayo herufi zote zinasomeka, haina alama ya kitanzi, uzito umetimia. Kwa muuzaji anayeongeza kiasi juu ya bei ya dhahabu yenyewe, nasema nunua. Akitaka mara tatu kwa sababu tu ya jina la Mozart, mrudishie.