Uzoefu wangu: mafunzo ya udereva ndani ya gari lako, kwenye njia zako, hapa Mwanza

Nimelipia mafunzo haya mara mbili. Mara ya kwanza yalikuwa yangu, kwenye IST ya otomatiki. Mara ya pili yalikuwa ya madereva wawili wa dukani, ambao husambaza vinywaji kwa Canter kuanzia Igoma hadi Usagara, na siku nyingine huvuka kwenda Sengerema. Wanaotafuta leseni ya kwanza hapa hawana chao: anayeshika usukani lazima awe na leseni hai ya daraja la gari hilo, na akimaliza haongezewi daraja lolote. Unachokilipia ni mwalimu kukaa kiti cha kushoto, kukutazama ukiendesha njia unazopita kila siku, kisha kushughulika na makosa yako peke yako. Ni vipindi vitatu, kila kimoja saa mbili.

Kipindi cha kwanza ni cha kupimwa, na kwangu hiki ndicho chenye thamani kuliko vyote. Mwalimu hubandika kioo kidogo kwenye dashibodi na kukielekeza machoni pa dereva. Kwa dakika arobaini hafundishi kitu. Anasema tu wapi pa kukata kona, huku akiandika. Kutoka Kirumba, kuzunguka kipilefti cha Samaki, kutoka na barabara ya Kenyatta hadi Mkuyuni na kurudi. Anachokihesabu ni macho: umetazama kioo cha kati mara ngapi, na ulikitazama kabla ya kukanyaga breki au baada. Wengi wetu tunaangalia bampa ya gari la mbele na si zaidi ya hapo. Ndiyo maana tunafunga breki ghafla, na ndiyo maana pedi zinaisha mapema.

Baada ya kupimwa, gari linasimamishwa na mnaanza na kiti. Kanyaga klachi mpaka mwisho (kwa otomatiki, breki): goti libaki limekunjwa kidogo. Nyoosha mkono juu ya usukani bila kuinua bega: kifundo cha mkono, pale saa inapokaa, kiguse juu ya usukani. Kisha vioo vya pembeni. Wengi huvipanga hivi kwamba robo ya kioo inaonyesha ubavu wa gari lao wenyewe, na ubavu huo haujawahi kumgonga mtu. Egemeza kichwa kwenye kioo cha mlango wako, sukuma kioo cha kulia nje hadi ubavu wa gari uonekane kwa mbali tu. Sogeza kichwa katikati ya gari, fanya vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukikaa sawasawa, ubavu haupo tena, na bodaboda anayetoka kwenye kioo cha kati anaingia kwenye kioo cha pembeni karibu bila kupotea. Nasema karibu, kwa sababu kipande kidogo kinabaki, na kwa hicho lazima ugeuze shingo. Kwa Canter, upande wa kushoto chini ya dirisha hauonekani kabisa hata vioo viwe vizuri namna gani, na hapo ndipo bodaboda hupenda kusimama kwenye foleni.

Kwa wenye otomatiki: mguu wa kushoto ulale pembeni. Anayekanyaga breki kwa kushoto na mafuta kwa kulia, siku akishtuka atakanyaga vyote viwili.

Sehemu iliyobadilisha madereva wangu kuliko nyingine ni kuendesha huku unasema. Kuanzia Igoma, kupita Nyakato, hadi Buzuruga, dereva anataja kwa sauti kila anachokiona na anachokitegemea. Mwanzo ni aibu, maneno hayaji. Baada ya robo saa inakuwa hivi: "Hiace mbele, mlango wazi, konda ameshatoa mguu, itasimama. Nyuma yangu bajaji. Nalegeza mafuta. Kushoto wanafunzi watatu, mmoja anatazama upande wa pili, atavuka." Maana yake ni kwamba ubongo umetumwa mbele sekunde kumi na mguu unafuata taratibu. Dereva anayesema hawezi kusinzia wala kuwaza deni. Nimewaambia waendelee kufanya hivyo dakika tano kila asubuhi.

Umbali wa gari la mbele nao hupimwa kwa mdomo. Gari la mbele likipita nguzo ya umeme, anza: "mia na moja, mia na mbili." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umebana. Kwa spidi ya 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili ni mita 44. Mvua ikinyesha hesabu hadi nne. Hoja ya kila mtu ni moja: ukiacha nafasi, wanachomekea. Ni kweli, wanachomekea. Unalegeza tena, unahesabu tena. Mwalimu alitupimia: Nyakato hadi mjini tulichomekewa mara nyingi, na muda tuliopoteza haukufika dakika mbili.

Milima ya Mwanza ndiyo inayofanya mafunzo ya hapa yawe tofauti na ya mji wa tambarare. Kwenye mtaa mtulivu wa Isamilo, mwalimu aliweka chupa tupu ya maji ya nusu lita nyuma ya tairi la Canter, sentimita chache tu, akasema ondoka bila kuikanyaga. Dereva mwenye miaka minane kazini aliilalia mara tatu, kwa sababu alizoea kuhamisha mguu haraka kutoka breki kwenda kwenye mafuta. Njia sahihi: vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza, ongeza mafuta kidogo, inua klachi polepole hadi mlio wa injini ushuke na pua ya gari inyanyuke kidogo. Simamisha mguu hapo hapo. Sasa achia breki ya mkono. Gari linabaki palepale, kisha linapanda. Mara ya nne chupa ilibaki imesimama. Fikiria ile chupa ni bodaboda mwenye abiria.

Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi, na hapa mwalimu alikuwa mkali, kwa haki. Madereva wengi hushuka wakiwa wameweka frii, yaani bila gia, wakiamini wanaokoa mafuta. Injini za kisasa zinazodhibitiwa kwa kompyuta, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata mafuta kabisa. Ukiweka frii injini inaunguruma yenyewe na lazima ilishwe. Kwa hiyo unapoteza mafuta, na unapoteza breki ya injini. Mzigo wote unaangukia breki za miguu. Ngoma zikipata joto msuguano unapungua. Mafuta ya breki yaliyozeeka yana maji ndani yake, yakichemka yanatoa mapovu, na pedali inazama bila kushika. Ukizima na injini, nguvu ya kusaidia breki inaisha baada ya mikanyago michache, usukani nao unakuwa mzito. Kanuni ni kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kukanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kuachia, kisha kurudia. Kwa otomatiki, zima O/D (gia ya juu kabisa) kama kitufe kipo, au shusha gia hadi 2.

Kipindi cha tatu tulikwenda nje ya mji, Usagara na barabara ya Shinyanga, kwa ajili ya kulipita gari jingine. Hesabu yake tuliiandika kwenye karatasi. Trela la mita 18 linakwenda 60, wewe 80: unalizidi mita tano na nusu tu kwa sekunde. Ukianza mita 30 nyuma na kurudi upande wako mita 25 mbele yake, unahitaji sekunde 14 hivi, na katika muda huo umetembea mita 300. Anayekuja mbele kwa 80 naye ametembea 300. Kwa hiyo barabara nyeupe inayotakiwa ni zaidi ya mita 600. Simama na ujiulize mara ya mwisho uliiona mita 600. Kosa la kawaida ni kulisogelea trela mpaka mkiani, ambapo huoni chochote na huna nafasi ya kuchochea mwendo. Kaa nyuma, chungulia, kisha ongeza spidi ukiwa bado upande wako.

Tulivuka pia daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kilomita 3. Canter yenye bodi ya boksi ikiwa tupu husukumwa na upepo wa ziwani, hasa inapopishana na basi: mikono yote miwili kwenye usukani, spidi ipungue, usirudishe usukani kwa pupa.

Matairi yalipewa nusu saa tu, ningependa zaidi. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa namba za kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na usimwachie kijana wa upepo ajaze kwa kukisia. Wanunuzi wa matairi ya mtumba wasome tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa malalamiko. Wenye mafunzo waliniambia kwamba kwa kampuni, madereva wanne kwa gari moja inawezekana. Nilikataa, kwa sababu ndani ya saa mbili kila mmoja angepata nusu saa. Wawili ndiyo mwisho. Ripoti waliyonipa mara ya kwanza ilikuwa na alama za vema tupu, haimsaidii mwenye gari. Nilidai tathmini ya mwanzo na ya mwisho kwenye njia ileile, kosa kwa kosa, wakaitoa baada ya kusukumwa. Kupanga na kufunga mzigo hakukuguswa kabisa, na kreti zikihama kwenye kona hakuna ufundi wa usukani unaoziokoa. Gari lako pia halina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, kwa hiyo mwenye hofu kubwa aanze na gari la shule.

Na usiku haumo mpaka uombe. Uombe. Taa za dimu huonyesha mita 40 hivi, na kwa spidi ya 80 gari zima, kwenye lami kavu, linahitaji karibu mita 57 kusimama. Baiskeli isiyo na taa au ng'ombe waliochelewa kurudi zizini wako ndani ya hizo mita 17 zilizobaki. Sisi tuliongeza saa moja na nusu, kuanzia saa moja jioni, kutoka Kisesa kurudi mjini, na kwenye karatasi ya mmoja wa madereva kuna mstari mmoja tu wa saa ile: mwendo wa usiku, usizidi 60.