Tyubu tatu mpya kwenye kijaluba changu: uzoefu wangu Lamu

Rangi zangu za maji nazitia katika kijaluba cha bibi kilichokuwa cha tambuu. Kina vidonge 12, na kwa miaka minne sikuona haja ya cha 13. Kuta za mawe, punda waliosinzia uwanjani Mkunguni, milango ya kuchonga, vyote nilivitoa kwa ultramarini, ile buluu iliyokolea, na sienna ya kuchoma, ile hudhurungi. Ukizichanganya hizo mbili unapata kijivu cha kila namna, na kwa vile ultramarini huacha punjepunje karatasini, chokaa iliyozeeka hujichora yenyewe.

Kilichonishinda ni maji ya Shela, kijiji cha ufukweni. Saa nne asubuhi, bahari ikijaa, si buluu si kijani, nami kila nikichanganya napata maji ya kisima. Nikaagiza tyubu tatu Nairobi, za mililita 5. Zikaja kwa basi hadi Mokowe, zikavuka na boti.

Feruzi ya kobalti ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Usiangalie jina la mbele, kila kampuni ina lake. Geuza tyubu utafute PG50, namba ya rangi halisi iliyomo ndani. Ni rangi nzito, hutuama, basi koroga kila unapochovya brashi. Nilipaka mara moja tu, nikaongeza maji kuelekea ufukweni, na Shela ikawa Shela. Bei yake iliniuma, lakini kobalti haijawahi kuwa rahisi.

Waridi kali niliinunua kwa ajili ya mabogonvilia. Inang'aa mno siku ya kwanza! Nikapaka kipande cha karatasi, nusu nikaifunika kwa kitabu, nusu nikaiacha dirishani. Baada ya miezi miwili ile ya dirishani ilikuwa kama chai ya maziwa. Ya kuchezea daftarini sawa, lakini mteja simuuzii.

Manjano ndiyo iliyonitia hasara. Imetengenezwa kwa asali, ili ikikauka ilainike upesi ukiitia maji. Hapa kwetu haikukauka. Niliiminya kijalubani nikasubiri wiki tatu, tena wakati wa masika, nikafunga kijaluba nikaenda Matondoni kuchora majahazi. Nilipofungua, manjano yote imemwagikia feruzi yangu, na sisimizi wamejipanga.

Feruzi nimeagiza tena, safari hii ya mililita 15. Manjano inabaki ndani ya tyubu yake, naminya tone nikilihitaji.