Koo kukauka kwa oksijeni: chupa ya unyevu au mafunda ya maji?

Oksijeni ya maumivu ya kichwa ya klasta (maumivu makali ya upande mmoja yanayokuja kwa vipindi) hutoka kwa kasi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa dakika 15 au 20, kupitia barakoa yenye mfuko. Kwa kasi hiyo chupa ya unyevu, yaani chupa ya maji ambayo oksijeni hupitia ili isiwe kavu, husumbua: mapovu hurusha maji kwenye mpira wa kupitishia oksijeni, valvu ya usalama hupiga filimbi, mfuko haujai vizuri. Chupa hiyo inamfaa zaidi anayetumia lita chache mchana kutwa.

Heri maji: mafunda mawili kabla ya kuvaa barakoa, mengine ukishaivua. Katikati usiivue, hewa ya kawaida itapunguza nguvu ya tiba. Midomo ikikauka, paka jeli isiyo na mafuta. Vaselini hapana kabisa. Penye oksijeni hushika moto upesi.