Unaanza padeli Ujerumani? Kabla ya kununua raketi, uliza sponji yake

Tangu baridi ianze, wasomaji walioko Hamburg, Berlin na Köln walioanza padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi ila kiwanja chake kimezungukwa na kuta, wananiandikia jambo lile lile: kiwiko kinauma. Mmoja wao, dada wa Mombasa anayefanya kazi Hamburg, aliuziwa raketi ya kaboni yenye umbo la almasi kwa zaidi ya yuro 200, na muuzaji akamhakikishia kwamba itamfaa mpaka atakapokuwa mchezaji mkubwa. Mwezi haukuisha, kunyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia kukawa kazi. Nilicheza naye jioni moja ya Februari kwenye kiwanja cha nje. Raketi yake ilikuwa ikilia ka! ka!, kavu kabisa, na mtetemo unampanda mpaka begani. Tukabadilishana. Ya kwangu ikalia po, mpira ukatulia kidogo usoni mwa raketi kabla ya kuondoka. Akasimama akaigeuza mkononi: "Kumbe inaweza kuwa hivi?"

Ndiyo, inaweza. Rangi, uzito na kamba ya mkononi sitavigusa hapa. Raketi nyingi zina gramu 340 hadi 380, unene mwisho milimita 38 kwa mujibu wa kanuni, na hayo yote yameandikwa kwenye lebo. Umbo nalo ni sentensi moja tu: anayeanza achukue la duara, basi. Ninachotaka tukiongee ni kile ambacho hakiandikwi, yaani ugumu wa sponji.

Raketi ya padeli haina nyuzi kama ya tenisi. Ni ganda la faiba (nyuzi za kioo) au kaboni lililobana sponji, kisha likatobolewa matundu. Sponji hiyo mara nyingi ni EVA, mali ile ile inayotengenezewa soli za raba. EVA ikipata joto hulainika, ikipata baridi hukakamaa. Kampuni nyingi zenye jina kwenye mchezo huu ni za Hispania, na raketi inayopigwa kwenye jua la Málaga siyo ile utakayoishika Hamburg nyuzijoto zikiwa 4. Usidhani ukumbi wa ndani unakuokoa pia, maana baadhi ya kumbi zetu ni maghala ya zamani yasiyo na hita, ukiingia hutaki kuvua koti. Halafu mpira wenyewe kwenye baridi hupungukiwa na msukumo wa hewa, hauruki vizuri, kwa hiyo mgeni wa mchezo anaongeza nguvu. Anapiga kwa nguvu zaidi kwa kifaa kilichozidi kuwa kigumu, na pigo linaishia kwenye kiwiko. Madaktari wa hapa wanauita ugonjwa huo Tennisarm, na ukishaupata, kupona ni suala la miezi.

Sasa nenda dukani uulize ugumu wa sponji. Adidas wanakuandikia EVA Soft Performance au High Memory, Bullpadel wanasema MultiEva, Nox wanasema HR3, Head wanasema Power Foam. Kila kampuni na jina lake, wala hakuna kipimo kimoja ambacho mnunuzi anaweza kukitumia kulinganisha. Hili linaniudhi sana. Mtu anatoa yuro 150 na haambiwi kitu pekee ambacho mkono wake utakihisi kila pigo. Badala yake anaimbiwa 3K, 12K, 18K kana kwamba ni madaraja ya ubora, wakati hizo ni hesabu za nyuzi za kaboni katika kila fungu, elfu tatu, elfu kumi na mbili, elfu kumi na nane. Kwa mtu aliyejiandikisha jana Playtomic, programu ya simu ya kukodi viwanja, na yuko ngazi ya 1, kaboni ya aina yoyote ni mapema mno. Faiba inanepa kidogo mpira unapogonga, na mnepo huo ndio unaokusaidia unapoupiga nje ya katikati, jambo ambalo anayeanza hulifanya kutwa.

Mpangilio wangu, basi, kwa msimu wa baridi wa Ujerumani, ni huu.

Namba moja ni Nox ML10 Pro Cup, na sifichi kwamba Nox ndiyo kampuni ninayoipenda. Nyumba yao ni Barcelona, na herufi hizo ni za Miguel Lamperti, Muargentina aliyecheza kileleni kwa miaka mingi. Ni ya duara, na sehemu yake tamu, yaani eneo la uso linalopiga mpira vizuri zaidi, ni pana, hata mpira ukigonga karibu na ukingo unarudi upande wa pili wa wavu. Sponji yake ipo katikati ya laini na ngumu, na kwenye baridi inabaki na uhai. Angalia tu usije ukachanganya matoleo, kwa sababu jina ML10 lipo pia kwenye raketi za kaboni za bei ya juu. Chukua lenye uso wa faiba. La mwaka uliopita ni zuri vile vile, lililobadilika mara nyingi ni rangi.

Namba mbili, Bullpadel Indiga yenye umbo la duara. Nyepesi, laini, haina makuu. Utaizidi mapema kuliko ML10, ndiyo maana iko chini. Vertex ya kampuni hiyo hiyo iache ukutani, ni almasi ya washambuliaji.

Namba tatu, Head, familia ya Evo. Ni kampuni ya Austria yenye jina kubwa kwenye tenisi, kwa hiyo unaweza kuikuta kwenye duka la kawaida la raketi na kuishika kwanza. Epuka zenye jina Delta, uzito wake umekaa kichwani.

Adidas naiweka ya nne, na najua wengi hapa mnaanza nayo kwa sababu ni jina la Ujerumani. Raketi zake za padeli zinatengenezwa kwa leseni na kampuni ya Hispania. Siyo mbaya, ila mnachoonyeshwa kwanza ni Metalbone, raketi ya Alejandro Galán, mtu aliyewahi kuwa namba moja duniani. Mkono wake siyo wako wala wangu.

Kuikma ya Decathlon: bei nafuu, laini, inatosha kwa kuonja mchezo. Lakini kwa hilo kukodi raketi ukumbini kunatosha pia, na huna cha kubeba.

Tuje kwa wauzaji. Ukiona "punguzo asilimia 50", uliza ni punguzo la bei ipi. Bei anayoikata kwa mstari mara nyingi ni UVP, ile inayopendekezwa na mtengenezaji, ambayo pengine hakuna mtu aliyewahi kuilipa. Tangu Mei 28, 2022, sheria ya Ujerumani inamtaka anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizopita, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema asilimia yenyewe ihesabiwe kutoka kwenye bei hiyo. Itafute, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu. Ishike, igongeshe mpira taratibu sebuleni usikilize sauti, lakini usiende nayo kiwanjani kabla hujaamua, maana ikirudi na mikwaruzo muuzaji ana haki ya kukukata fedha. Dukani haki hiyo ya siku 14 haipo, ni hisani ya mwenye duka tu.

Raketi ikipasuka yenyewe, utaambiwa uliigonga ukutani, au uwaandikie watengenezaji. Usikubali kuzungushwa. Mkataba wako ni na aliyekuuzia, na dhamana ya kisheria, Gewährleistung, ni ya miaka 2. Katika miezi 12 ya mwanzo sheria inachukulia kwamba kasoro ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, hivyo mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wake. Mwandikie kwa baruapepe, weka picha ya ufa na risiti, utaje neno hilo la Gewährleistung, siyo Garantie, kwa sababu Garantie ni ahadi ya hiari na ndipo wanapopenda kukupeleka. Na raketi usiilaze kwenye buti la gari usiku wa Januari. Inayokakamaa na kulainika kila siku inachoka upesi, na hilo hutaweza kumdai mtu.