TAHADHARI: Breka za "10000" zenye tumbo tupu

Mafundi wenzangu, na wewe mwenye nyumba unayejinunulia vifaa, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza sakiti breka za C20, yaani za ampea 20, kwa bei ya kutupa. Usoni zina kiboksi kilichoandikwa 10000. Nilinunua 12, na zote nilizifunga kwenye kazi ya mteja.

Wiki ya tatu mtu alitoboa ukuta kwa drili, karibu kabisa na boksi la breka, akakuta waya. Breka haikukata. Ilipasuka! Uso ulibanduka, masizi yakatapakaa boksi zima, na umeme ukaja kukatwa na fyuzi kubwa iliyo juu yake. Hakuna aliyeumia, nashukuru.

Nikazing'oa zilizobaki na kufungua tatu. Breka ya kweli ina bimetali, kipande cha metali mbili zilizounganishwa, inayojikunja kwa joto la mzigo uliozidi, ina koili inayofyatua papo hapo kwenye shoti, na ina chemba ya vibati vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Vibati hivyo ndivyo vinavyoukatakata ule moto wa umeme unaoruka pale midomo ya swichi inapoachana. Hizi zina bimetali. Koili ni mizunguko miwili ya waya, sijui imewekwa kumfurahisha nani, na chemba haina kibati hata kimoja.

Hapo ndipo wengi watanaswa, maana ukiijaribu kwa mzigo mkubwa inakata vizuri tu. Muuzaji ana hata video ya jaribio hilo. Lakini kinachopimwa pale ni bimetali peke yake. Kwa IEC 60898-1, kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, C20 inatakiwa ifyatue papo hapo mkondo ukiwa kati ya ampea 100 na 200, na ile 10000 ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka.

Nilipomuuliza, alisema namba hiyo "ni ya kiwandani tu". Si kweli hata kidogo. Transfoma ya kVA 500, volti 400, yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya 4%, inatoa shoti ya kama ampea 18,000 pale pale inapofungwa nyaya zake za kutokea. Waya ndio unaoipunguza: mwisho wa mita 30 za waya wa shaba wa 2.5 mm² haitazidi sana ampea 500, hata uanze na transfoma kubwa namna gani. Kwa hiyo breka mbovu inaweza kukaa miaka bila kuumbuka, hadi shoti itokee karibu na boksi.

Na akanishauri nichukue C32 kwa waya huohuo wa 2.5, eti "haitakusumbua kukatakata". Huyo anauza moto.

Dalili nilizoziona: ni nyepesi mno ukiishika pamoja na breka unayoiamini, na maandishi yalifutika kwa kitambaa chenye maji. Ukishazinunua, usizijaribu kwa kupiga shoti. Zitoe.

Nilimtumia picha za zile tatu. Akajibu kwamba atarudisha pesa kwa breka ambazo hazijafunguliwa tu. Siku mbili baadaye tangazo lake likafutwa, likaibuka kwa jina jingine la duka, na picha ni ileile: breka kiganjani, kidole gumba kimefungwa plasta.