Uzoefu wangu Fort Jesus, Mombasa: anza na kuta, makumbusho yatakungoja

Watu wengi wanaoingia Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno, hupita langoni mbio, hupiga picha na mizinga, huzunguka ukumbi wa makumbusho mara moja kisha hutoka. Ukienda hivyo, nusu ya kiingilio chako umeiacha ndani. Kitu cha thamani kuliko vyote pale ni jengo lenyewe, na jengo hilo lina namna yake ya kusomwa. Tenga saa mbili kamili. Ukiwa na watoto au mzee, tenga tatu.

Kufika ni rahisi. Barabara ya Nkrumah inakupeleka mpaka mbele ya ngome, na tuktuk yoyote kutoka katikati ya mji itakushusha hapo. Gari la kibinafsi ni usumbufu, kwa kuwa nafasi ya kuegesha ni finyu na vichochoro vya Mji wa Kale havikubuniwa kwa magari. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi, na hufungwa saa kumi na mbili jioni, kila siku. Mimi nashauri saa mbili hiyohiyo. Kuta za matumbawe hushika joto, na kufikia saa tano ua wa ndani, ambao hauna miti ya kutosha, unawaka. Tena mabasi ya shule huanza kumwaga watoto katikati ya asubuhi, na vyumba vidogo hujaa hadi huwezi kusogea.

Malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwa hiyo njoo na simu yenye chaji na salio. Beba kitambulisho pia. Viwango vya raia wa Kenya, vya watu wa Afrika Mashariki na vya wageni wa mbali havilingani, na bila kitambulisho huna cha kukutetea dirishani. Kuhusu waongozaji: nje ya lango utafuatwa na watu wanaoanza kukueleza historia kabla hujasema neno. Malipo yao hayamo kwenye tiketi. Ukimtaka mmoja, mwombe beji, patana bei kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie unataka kuona kuta na maburuji yote manne, yaani ngome ndogo za pembeni zinazotokeza nje ya ukuta. Mzuri atafurahi kusikia hivyo. Atakayekuharakisha kuelekea duka la vinyago, mshukuru na uendelee peke yako.

Sasa simama langoni, usiingie kwanza. Tazama juu. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajigamba kwamba ameikarabati ngome na kuiadhibu miji ya pwani, Pate na Siyu ikiwemo. Sababu ya ukarabati huo ndiyo inayofaa kukumbukwa hapo: mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, aliyekuwa amelelewa na Wareno huko Goa, India, na kubatizwa, aliingia humu na watu wake, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Ilipofika 1632 aliiacha na kuondoka. Jiwe lile ni jibu la Wareno, na wapita njia wengi hawalitupii hata jicho.

Ukishaingia, panda kwenye kuta kabla ya jambo lingine. Ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na utaambiwa ina umbo la mwanadamu. Ni kweli kwa maana ya mchoro wa juu, lakini ukiwa chini hutaliona umbo hilo, usijisumbue kulitafuta. Cha kutafuta ni mantiki ya maburuji. São Filipe na São Alberto yanatazama bara, São Mathias na São Mateus yako upande wa bahari. Nenda kwenye ukingo wa buruji moja la upande wa bara, utazame ukuta ulio kati yake na mwenzake. Kila sehemu ya ukuta huo inaonekana kutoka kwenye buruji. Mshambuliaji akifika chini ya ukuta hana kona ya kujificha, maana anapigwa kutoka ubavuni. Hiyo ndiyo kazi ya pembe zote zile, na ukishaielewa hutaona tena rundo la mawe.

Inama pia uangalie mawe yenyewe. Mahali plasta ya chokaa imebanduka, utaona mistari na vitundu vya matumbawe, tena utaona kwamba sehemu ya chini ya ukuta haikujengwa: ni mwamba uleule wa matumbawe uliochongwa, handaki likachimbwa humo humo, na ukuta ukainuliwa juu yake. Upande wa bahari mwamba huo umekuwa ukiliwa na mawimbi, ndiyo maana umewekewa kinga chini. Usiruhusu watoto wapande kingo. Ukuta ni mrefu, vizuizi havipo kila mahali, na wakati wa masika ngazi huteleza vibaya. Viatu vya kushika chini ni lazima, kandambili ziache.

Upande wa bahari tafuta njia ya matao, iliyokatwa katika matumbawe na kuteremka kuelekea majini. Ni ndogo na mtu huweza kuipita bila kujua. Lakini simama hapo ufikirie mzingiro wa Waomani dhidi ya Wareno, ulioanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698 Waomani walipoitwaa ngome. Chakula, baruti na watu wa msaada vililazimika kutoka baharini. Ndani kuna kisima kirefu chenye maji ya chumvi, ya kuoshea tu, na birika la kukusanya maji ya mvua. Vitembelee viwili hivyo mara tu utokapo kwenye njia ya matao, ndipo utaona ngome ilivyokuwa na koo dogo. Kilichowamaliza waliokuwa ndani kilikuwa maradhi zaidi ya risasi. Mwaka 1697, Wareno walipokuwa wamekwisha kufa, ulinzi ulibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake pamoja na Waafrika, wanaume na wanawake, mpaka msaada ulipofika. Mwongozaji asipomtaja Sheikh Daud, muulize.

Ua wa katikati utauona mtupu, na wengine hulalamika. Ngome ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikachimbwa na kukarabatiwa chini ya mwanaakiolojia James Kirkman kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Unachokiona ni misingi ya kanisa, ya vyumba vya askari na ya maghala. Mifupa ya nyangumi iliyowekwa hapo watoto huipenda, mie sina la kuisemea.

Vyumba viwili msiviruke. Nyumba ya Waomani juu ya buruji la São Filipe ina hewa safi na mandhari ya Mji wa Kale, nayo inaonyesha jinsi wenye ngome wapya walivyogeuza ngome ya vita kuwa makazi. Ndani ya Ukumbi wa Mazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, kuna boriti zenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Sasa tafuta ule ukuta uliochorwa na mabaharia na askari wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Hapa kaa. Ukitazama haraka utaona mikwaruzo tu. Sogea mpaka jicho lizoee, kisha fuata mstari mmoja mmoja: mlingoti, kamba, tanga, halafu meli nzima inajitokeza, na nyingine nyuma yake, na watu. Waliochora walijua vyombo, kwa sababu kamba zinafungwa mahali pake. Usiguse na usitumie mwanga wa kamera. Kama ningekuwa na dakika kumi tu ndani ya ngome nzima, zingekuwa za ukuta huu.

Makumbusho yaje mwisho, ukiwa umechoka jua. Ni ukumbi wa kiasi, lakini vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná vina uzito wa pekee ukishaijua habari ya mzingiro. Ni meli ya vita iliyotumwa kuiokoa ngome, ikazama mbele yake mwaka 1697, ikachunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Ukishaviona, rudi nje kidogo uangalie mlango wa bahari ilipozama. Ni karibu mno.

Kwa picha: asubuhi jua linapiga upande wa bahari, alasiri linapiga maburuji ya bara. Kwa mwenye kiti cha magurudumu au magoti mabaya, ua na ukumbi vinawezekana kwa msaada, kuta na njia ya matao hapana, na ni vizuri kujua kabla ya kulipa. Maji beba ya kutosha. Ukitoka, shika Ndia Kuu kwa miguu moja kwa moja, ukiwa bado na macho ya kutazama chokaa na boriti, kwa sababu mafundi wa nyumba za pale walitumia vifaa vilevile.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu naiondoa kwa sababu ya ngazi na kingo ambazo wazee na watoto hawaziwezi.